Mashine Iliyokufa na Jouli 99: Kisa cha Karakana Moja Kigoma

## Mazingira ya kisa

Kisa hiki ni cha karakana ndogo ya vifaa vya umeme mjini Kigoma. Majina, mtaa na tarehe vimeondolewa, na mambo machache yasiyo ya kiufundi yamegeuzwa ili wahusika wasitambulike. Volti, thamani za vifaa na mfuatano wa matukio vimebaki kama vilivyoandikwa kwenye daftari la karakana. Watu watatu nitawaita kwa kazi zao: fundi mkuu, ambaye ndiye mwenye karakana, kijana, anayejifunza kazi kwake, na mteja, mchomeleaji wa mageti na madirisha. Mimi nafundisha umeme, na niliitwa baada ya tukio.

Fundi mkuu ni mtu wa redio. Ameendesha maisha kwa redio, deki na amplifaya za harusini. Miaka ya karibuni kazi zinazoingia zimebadilika: mashine za kuchomelea za inveta, inveta za sola, pampu za maji. Wachomeleaji wamezipenda mashine za inveta kwa wepesi wake. Ile ya zamani ya transfoma ilibebwa na watu wawili. Hii mtu anaitundika begani, anapanda nayo bodaboda mpaka Kibirizi, anamaliza kazi ya watu wa boti na kurudi nayo mjini.

Kuna tofauti nyingine isiyoonekana kwa nje. Mashine ya transfoma ukiichomoa, umeme umekwisha humo ndani. Ya inveta huugeuza kwanza umeme wa ukutani kuwa wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu, kwa daraja la dayodi, kisha huujaza kwenye kapasita kubwa kadhaa, yaani makopo ya kuhifadhi umeme, na ndipo transista huukatakata kwa kasi kubwa na kuupeleka kwenye transfoma ndogo. Ukichomoa plagi, zile kapasita zinabaki na kilichomo mpaka kitu fulani kikimalize. Hicho "kitu fulani" ndicho kilichokosekana siku hiyo.

Karakana ilikuwa na kanuni moja kuhusu jambo hili, na kila aliyefundishwa pale aliijua: chomoa, subiri dakika 5, fungua.

## Kilichotokea

Mteja alileta mashine asubuhi. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: haiwaki kabisa, feni haizunguki, hata taa ya mbele haionyeshi kitu. Fundi mkuu akaichomeka kuhakikisha. Kimya. Akaichomoa, akaweka plagi juu ya meza, akamwambia kijana afungue jalada na asubiri dakika zake 5 kapasita zijimalize.

Skrubu zilikuwa nyingi na mbili zilikuwa zimeshika kutu. Mteja na fundi mkuu wakaingia kwenye mazungumzo ya malipo ya awali. Mpaka kijana anainua bodi ili aione upande wa chini, ilikuwa imepita zaidi ya robo saa. Aliishika kwa mkono wa kushoto, dole gumba upande huu wa ukingo, kidole cha kati kimepinda mpaka kwenye lehemu za miguu ya kapasita. Mkono ulirushwa nyuma na bodi ikaanguka mezani.

"Fundi, imenipiga!"

"Imekupiga na nini? Waya si huu hapa?"

Plagi ilikuwa mezani, kila mtu anaiona. Fundi mkuu akachukua mita, akaiweka kwenye DC, akagusa miguu ya kapasita. Mita ikasoma volti 288.

Hapo akanyoosha mkono kuchukua bisibisi, kwani ndivyo alivyozoea: kugusanisha miguu miwili, cheche moja, kazi imekwisha. Aliyemzuia ni mteja. "Fundi, usinilipulie bodi. Hiyo ndiyo inayosomesha wanangu." Bisibisi ikarudi mezani. Wakatuma mtu kwa jirani mfuga kuku kuomba globu ya wati 100, zile za kulelea vifaranga, maana siku hizi globu za nyuzi ukizitafuta dukani hupati ila za LED. Wakaifunga kwenye holda yenye nyaya mbili, wakagusisha. Globu iliwaka kwa nguvu, ikafifia, ikazimika, yote ndani ya sekunde mbili tatu.

Kijana alipelekwa zahanati. Alikuwa na alama mbili ndogo nyeupe, moja kwenye dole gumba na nyingine kwenye kidole cha kati, na kiganja kilikuwa kinauma. Walimpima mapigo ya moyo, wakamkalisha kwa muda wakimwangalia, wakamruhusu.

Alasiri alirudi. Safari hii, kabla ya kugusa chochote, alichukua mita mwenyewe. Volti 23. Fundi mkuu akasema mtu ameichomeka wakati yeye yuko nje. Mteja akaapa hajaigusa. Waya ulikuwa bado umekunjwa na kufungwa kwa mpira. Ndipo nikapigiwa simu.

## Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

La kwanza, kusubiri dakika 5, lilikuwa na msingi. Nilimuuliza fundi mkuu alilitoa wapi, akasema kwa aliyemfundisha mashine hizi. Nyuma ya kanuni hiyo kuna hesabu halisi, nitaionyesha hapa chini. Kosa ni kwamba ilikuja mkononi mwake ikiwa namba tupu, bila sharti lake.

La pili, kutopima kabla ya kugusa. Mita ilikuwepo mezani, tena nzuri. Haikutumika kwa sababu hakuna aliyeona haja: plagi imechomolewa, dakika zimepita, mashine yenyewe haiwaki. Sababu hii ya mwisho ndiyo iliyowadanganya zaidi, na nitairudia.

La tatu, globu badala ya bisibisi. Uamuzi ulikuwa sahihi. Sababu yake ilikuwa kulinda bodi ya mteja, si vidole vya mtu. Hata hivyo nauhesabu kuwa mzuri.

La nne ni la kijana: kupima alasiri. Aliogopa, na woga ule ulifanya kazi ambayo kanuni ya karakana haikuifanya.

## Hesabu ya kilichokuwa ndani

Nilipofika tuliandika hesabu kwenye kipande cha boksi. Benki, yaani kundi la kapasita zilizofungwa pamoja, ilikuwa na kapasita nne za maikrofaradi 470, volti 400, zimefungwa sambamba. Zikiwa sambamba thamani hujumlishwa:

4 × 470 = 1,880 µF, yaani faradi 0.00188.

Kapasita ya aina hii ni kanda mbili nyembamba za alumini zilizoviringwa pamoja, kati yake karatasi iliyolowa elektroliti, kimiminika kinachopitisha umeme. Juu ya kanda moja kuna utando wa oksidi ya alumini, mwembamba chini ya maikromita moja, ambao haupitishi umeme. Huo ndio kihami. Ukiunganisha kwenye chanzo, upande mmoja unapungukiwa elektroni na mwingine unazidi, na katikati, ndani ya ule utando, unajengeka uga wa umeme. Nishati imekaa humo kwenye uga. Kanda zikiwa na eneo kubwa na utando ukiwa mwembamba, kapasita inabeba chaji zaidi kwa volti ileile. Ndiyo maana watengenezaji huichimbachimba alumini kwa kemikali ili eneo lake liongezeke bila kopo kuwa kubwa.

Chaji ni Q = CV, ambapo C ni thamani ya kapasita kwa faradi na V ni volti. Nishati ni E = ½CV², na hupimwa kwa jouli. Kijana aliuliza ile nusu inatoka wapi, na ni swali zuri kuliko anavyodhani. Chaji ya kwanza kuingia inaikuta kapasita ikiwa tupu, haisukumwi dhidi ya kitu. Ya mwisho inaingia ikisukumwa dhidi ya volti zote. Kwa kuwa volti hupanda sawia na chaji, wastani wa msukumo ni nusu ya volti ya mwisho. Kwa hiyo kazi yote iliyofanyika ni Q × V/2, na ukiweka CV mahali pa Q unapata ½CV².

Nikamwachia kalamu. Akaandika: 0.00188 × 230 × 230 = 99.45. Akasema jouli 99.

Jibu ni sahihi, na ndani yake mna makosa mawili. Alisahau nusu. Na aliweka volti 230, wakati daraja la dayodi huijaza kapasita mpaka kwenye kilele cha wimbi, ambacho ni 230 × √2, yaani volti 325. Ukiikokotoa ipasavyo:

½ × 0.00188 × 325² = ½ × 0.00188 × 105,625 = jouli 99.3.

Makosa yake yalifutana, maana √2 ukiizidisha kwa yenyewe unapata 2, na hiyo 2 inaimeza nusu. Nilimwambia kwamba amegundua njia ya mkato bila kukusudia: kwa kapasita iliyojazwa kwenye kilele cha umeme wa ukutani, nishati ni C mara volti ya ukutani mara yenyewe, hakuna nusu. Mradi ajue kwa nini. Siku atakapoipeleka njia hiyo kwenye benki ya volti 48 za sola, ambazo hazina kilele wala wastani, jibu litatoka mara mbili ya ukweli. Na anayekumbuka nusu lakini akasahau kilele atapata jouli 50 na kujiona yuko salama kwa nusu ya hatari aliyonayo.

Jouli 99 ni nyingi au chache? Zinatosha kuinua ndoo ya lita 10 ya maji kiasi cha mita 1 kutoka chini. Mteja alisikia hivyo akacheka, akasema basi si kitu, betri ya simu yake si ina zaidi? Inayo. Betri ya 5,000 mAh yenye volti 3.85 ina jouli 69,300, kama mara 700. Lakini betri ya simu huitoa nishati yake kwa saa nyingi, na kwa volti ambazo ngozi kavu haizipitishi kwa kiasi cha kudhuru. Kapasita, ukiigusanisha kwa bisibisi, inatoa karibu zote ndani ya elfu moja ya sekunde. Jouli 99 kwa sekunde 0.001 ni wati 99,000 kwa wastani, na mkondo wa kwanza unahesabiwa kwa maelfu ya ampea, kwa kuwa kinachouzuia ni ukinzani mdogo wa ndani ya kapasita na wa bisibisi yenyewe. Ndiyo maana ncha ya bisibisi hutoka na kidonda na njia ya shaba kwenye bodi hunyanyuka. Mteja alikuwa na haki ya kupiga kelele.

Zile volti 288 zilizosomwa baada ya shoti zilikuwa bado jouli 78. Kiasi kilichopita kwenye mkono wa kijana hakiwezi kukokotolewa kwa uhakika, kwa sababu hakuna aliyepima kabla. Bahati yake ni njia: iliingia dole gumba ikatokea kidole cha kati cha mkono uleule. Angeishika bodi kwa mikono miwili, njia ingepita kifuani.

## Kwa nini hazikujimaliza

Mashine hii ina njia mbili za kumaliza kapasita zake, na zote mbili zilikuwa zimekufa.

Njia ya haraka ni pawasaplai ndogo inayolisha feni na sakiti ya kuongozea. Nayo hula kutoka kwenye benki ileile. Ukichomoa mashine isiyo na hitilafu, utaona feni inaendelea kuzunguka kidogo. Hapo inakunywa kapasita. Ikila wati 20 na kuishia volti zinaposhuka hadi 100 hivi, inakuwa imeondoa karibu jouli 90 ndani ya sekunde 4 au 5, na zinabaki jouli 9.4. Mashine ya mteja ilikufa hapo hasa: chipu ya pawasaplai ndogo iliungua, pamoja na rezista inayoiwasha. Lakini kapasita kubwa zilijaa kama kawaida kupitia rezista ya kuanzia, ile inayopunguza mkupuo wa umeme wakati wa kuchomeka. Rilei, swichi inayoendeshwa kwa umeme, ambayo ingeiruka rezista hiyo haikufunga, na haikuhitajika ifunge ili benki ijae.

Kwa hiyo mashine iliyokufa kabisa, isiyo na feni wala taa, ilikuwa na hatari zaidi kuliko ile inayofanya kazi. Hili ndilo lililowadanganya. Mashine zote zisizo na hitilafu hii walizofungua zilikuwa zimejimaliza zenyewe kwa sekunde chache, na wao wakaamini ni zile dakika 5.

Njia ya polepole ni rezista ya kumwagia, iliyofungwa moja kwa moja kwenye miguu ya benki. Tuliikuta. Ilikuwa rezista moja ya omu 100,000, yaani kilo 100, mwili wake umegeuka kahawia na kupasuka kwa urefu. Kwenye mita haikusoma chochote. Jambo la kuangalia lilikuwa matundu yake: kwenye bodi yalikuwa mbali mbali, ya rezista nene, na miguu ya hii ndogo ilikuwa imenyooshwa ili ifike. Kuna mtu aliwahi kuibadilisha. Thamani aliipata sawa. Wati hakuzipata.

Rezista hiyo hubeba volti 325 muda wote mashine ikiwa imechomekwa: 325² ÷ 100,000 = wati 1.06. Iliyowekwa ni ya nusu wati kwa ukubwa wake. Ilipikwa polepole kwa mzigo wa mara mbili ya uwezo wake mpaka ikakatika, na hakuna aliyejua, kwa sababu mashine inachomelea vilevile iwe nayo au isiwe nayo.

Sasa ile kanuni. Kapasita inapomwagika kupitia rezista, kipimo cha muda ni R × C, R ikiwa omu za rezista: 100,000 × 0.00188 = sekunde 188. Kila sekunde 188 zikipita, volti hubaki 37% ya zilivyokuwa. Kutoka 325 kushuka hadi 50, kiwango tulichokubaliana pale karakana kuwa ndicho cha kuruhusu kazi kuanza, huchukua RC × ln(325 ÷ 50), ln ikiwa logi asilia ya kwenye kikokotoo, yaani 188 × 1.87, sekunde 352. Karibu dakika 6. Dakika 5 za fundi mkuu hazikuwa mbali. Lakini R ndani ya hesabu hiyo ikiwa imekatika, sekunde hazina pa kwenda. Kinachobaki ni uvujaji mdogo wa kapasita yenyewe, na huo unaweza kuiacha benki na volti za kudhuru kwa saa nyingi.

## Zile volti 23

Hakuna aliyechomeka mashine. Kapasita za elektroliti zikikaa muda mrefu na chaji kisha zikamwagwa haraka, sehemu ya chaji inabaki imejificha ndani ya kihami na kutoka polepole baadaye. Volti zinaweza kurudi kufikia kama sehemu ya kumi ya zilivyokuwa. Kutoka 288, kuona 23 si ajabu, na kwa kuwa rezista ya kumwagia ilikatika, hakukuwa na cha kuziondoa tena.

Volti 23 kwenye benki hii ni ½ × 0.00188 × 23² = jouli 0.5. Volti zimebaki 8% ya 288, nishati imebaki pungufu ya 1%. Haimuui mtu, ila inatosha kuunguza transista mpya wakati wa kuifunga, na fundi atalaumu duka lililomuuzia.

## Matokeo

Pawasaplai ndogo ilibadilishiwa chipu na rezista ya kuwashia. Vifaa vilitoka Dar es Salaam kwa basi, na mteja alilalamikia siku za kusubiri kuliko alivyolalamikia bei. Mahali pa rezista iliyokatika tuliweka mbili za kilo 47, wati 3 kila moja, zimefungwa mfululizo: jumla omu 94,000. Kila moja inabeba nusu ya volti na wati 0.56 tu, kwa hiyo haitapata joto la kuitesa.

Kabla ya kufunga chipu mpya niliomba tuijaribu njia ya polepole peke yake. Tulijaza benki kupitia globu iliyofungwa mfululizo, tukachomoa zikiwa volti 318, tukaweka mita na saa ya simu. Kwa hesabu, baada ya dakika 3 zilipaswa kuwa 115. Mita ilisoma 111. Nikamwonyesha kijana kwamba tofauti ile nayo inasema kitu: ukigeuza hesabu, ln(318 ÷ 111) ni 1.05, sekunde 180 ukigawanya kwa hiyo unapata RC ya 171, na kwa omu 94,000 kapasitansi halisi ni kama maikrofaradi 1,820. Pungufu ya maandishi kwa 3%. Kapasita hizi huuzwa kwa ustahimilivu wa 20% juu au chini, kwa hiyo benki ni nzima, na tumeipima bila kuing'oa.

Walitengeneza pia kifaa cha kumwagia: rezista ya saruji ya kilo 2.2, wati 10, ndani ya kipande cha bomba la plastiki, na ncha za mita ya zamani. RC yake kwa benki hii ni sekunde 4.1, kutoka 325 hadi 50 ni sekunde 8, na kushuka chini ya volti 1 ni sekunde 24. Ni bora kuliko globu. Globu ikizimika haijasema kwamba kapasita ni tupu, imesema tu kwamba volti zilizobaki haziwezi kuiwasha. Za LED hazifai kabisa, kwa kuwa elektroniki zake huacha kunywa umeme volti zikishuka.

Mashine ilirudi kazini. Kijana naye.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi ni vitu vidogo: mita iliyokuwa karibu, mteja mkali, jirani mwenye vifaranga, na daftari. Bila namba 288 na 23 kuandikwa papo hapo, mabishano ya "nani amechomeka" yangeendelea mpaka leo.

Kilichoshindwa naona kina tabaka. La juu ni kanuni ya dakika bila kipimo. Chini yake kuna mazoea ya redio. Kwenye amplifaya fundi mkuu amezoea kapasita za maikrofaradi 4,700, volti 25. Akiona 470 kwenye mashine ya kuchomelea, namba ni ndogo mara 10, na jicho linasema ni kitu kidogo. Kokotoa: ile ya amplifaya ni ½ × 0.0047 × 25² = jouli 1.5. Hii moja ya 470 kwa volti 325 ni jouli 24.8, karibu mara 17. Maikrofaradi zimegawanywa kwa 10, lakini volti zimezidishwa kwa 13, na 13 huingia kwenye hesabu mara mbili. Jicho la fundi husoma namba ya kwanza kwenye kopo. Inayotakiwa kusomwa kwanza ni ya pili.

V² hiyohiyo ndiyo inayofanya umeme wenyewe wa mji uwe sehemu ya hesabu. Kigoma ilikaa miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, na mafundi wake wanajua volti za jioni si za alfajiri. Benki hii ukiichomeka kwenye volti 180 inashika jouli 61. Kwenye 260 inashika 127. Ni mashine ileile na meza ileile.

Nitie pia tahadhari, kwa kuwa kijana sasa anapenda jouli kupita kiasi. Jouli si kipimo pekee. Kapasita ya maikrowevu ni kama maikrofaradi 1 tu, na ikiwa na volti 2,800 ina jouli 3.9, lakini volti hizo hupenya ngozi bila kusubiri, na inaweza kuua. Hatari hii ina umri wa kapasita yenyewe: Ewald von Kleist mwaka 1745, na Pieter van Musschenbroek wa Leiden muda mfupi baadaye, waligundua chupa ya kuhifadhi umeme kwa kupigwa nayo shoti.

Kuhusu fundi aliyetangulia kubadilisha rezista, sioni faida ya kumtafuta. Ila kosa lake ni la aina inayojirudia sana: kubadilisha kifaa kwa kusoma rangi na kuacha ukubwa wa mwili. Kwenye bodi, matundu yaliyo mbali ni taarifa. Aliyechora bodi aliacha nafasi ile kwa sababu ya wati, na mara nyingi pia kwa sababu ya volti, maana rezista ndogo moja haistahimili volti nyingi kwa muda mrefu. Ndiyo faida nyingine ya kufunga mbili mfululizo.

Kanuni ya karakana imeandikwa upya ukutani kwa kalamu nene: chomoa, pima, mwaga, pima tena, acha kifaa cha kumwagia kikiwa kimeshikizwa muda wote wa kazi. Hilo la mwisho ni kwa ajili ya volti zinazorudi. Fundi mkuu ameikubali kwa mashine za kuchomelea na inveta za sola. Kwenye redio bado anatumia bisibisi yake, na kwa jouli moja na nusu sikubishana naye.

Sasa anataka kufunga kitaa cha neoni kwenye benki za mashine zote zinazopita mikononi mwake, kiwake muda wote kapasita zikiwa na umeme. Nimemwambia wazo ni zuri na bei yake ni ndogo, mradi aandike kando yake kwamba neoni huzimika volti zikiwa bado 60 hivi. Kwenye benki hii, hizo ni jouli 3.4.